Kuitafuta Ile ya Ziwa

Pembe ile ina benchi moja, na benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa. Sponji, fundi wa masofa, alikivisha kitambaa kipya mwaka ule kijiwe kilipohama kutoka upande wa jua, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Kushoto ni karakana ya Kiraka, anayeziba matairi. Kulia ni kibanda cha Laini, anayetengeneza simu, kibanda ambacho dirisha lake ndilo mlango na ndilo kaunta. Mbele yao, juu ya jiko la mkaa, hukaa birika la Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale lakini huwakemea wote kana kwamba aliwaogesha utotoni. Balozi huja mwisho, na kofia yake. Aliwahi kuwa dereva wa ubalozi. Hakuwahi kushuka kwenye gari akaingia ndani, ila mambo ya dunia anayajua yote. Jumamosi hiyo asubuhi walikuwa wamegeuka kulia, vikombe mkononi, wakitazama kompyuta iliyowekwa kwenye kaunta ya Laini. Mstari wa buluu ulikuwa ukitambaa kwenye kioo, kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili, na hakuna aliyetaka kupepesa macho.

— Umefika wapi? aliuliza Sponji.

— Palepale, alisema Laini.

— Palepale wapi?

— Palepale uliponiuliza mwanzo.

— Msiuharakishe, alisema Kiraka, akifuta mikono kwenye ovaroli. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Sasa hiyo inahusu nini? aliuliza Laini.

— Si unaona unavyokimbia? Ukifika ukingoni, kazi imekwisha.

— We Kiraka, alisema Shangazi, methali zako uwe unaziziba kwanza kabla hujazitoa barabarani.

Kompyuta haikuwa ya Laini. Ilikuwa ya Bwana Masikio, mpimaji wa zahanati. Kwa miaka mingi, katika chumba kilichokuwa nyuma ya dirisha la dawa, Bwana Masikio aliviunganisha vifaa vya kusikilia na kompyuta hiyo kwa waya, kupitia kisanduku kidogo, akavirekebisha kila kimoja kimfae mwenye sikio lake. Kisanduku kilielewana na toleo moja tu la mfumo wa kompyuta, lile ambalo likiwaka huonyesha picha ya ziwa. Waliolitengeneza walikwisha kuliacha. Hawaliuzi, hawalikarabati, hawataki kulisikia. Kijiweni liliitwa ile ya ziwa. Iliyofuata baada yake ilikuwa na picha ya nyota, na hiyo kisanduku hakikuitambua hata kwa salamu.

Nyota zilikujaje? Zilikuja kwa wema. Bwana Masikio alipita kijiweni siku moja, akanywa kikombe, akalalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Kijiwe hicho kina tabia: mtu akilalamika haondoki bila kusaidiwa, atake asitake. Kiraka aliifuata kompyuta kwa toroli. Laini aliipandisha kwenye ile ya nyota, bila malipo. Balozi alitoa hotuba kuhusu maendeleo. Walikunywa duru nzima kusherehekea, na Sponji ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Haukupita muda, kifaa cha kusikilia cha mke wa Sponji kikarudi kutoka matengenezo kikiwa kitupu. Huko kilikopelekwa walibadilisha kilichovunjika, na katika kubadilisha wakafuta vipimo vyote vya sikio lake. Ilibidi kijazwe upya, kwa kisanduku, kwa ile ya ziwa. Bwana Masikio alichomeka waya, kompyuta ikaonyesha nyota. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Irudisheni ilivyokuwa, kisha mniite." Akafunga chumba, akaenda kukaa kwa binti yake.

Mke wa Sponji ni mwalimu wa chekechea. Alijaribu kuingia darasani na kile kifaa kitupu. Alisema ni kama kusimama ndani ya sufuria wakati watu wanaipiga kwa miiko. Akakivua. Katika wiki ya mwisho ya muhula mtoto mmoja aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akaomba tena, akaomba kwa kulia, na mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Alipogeuka, mtoto alikuwa amejikojolea na wenzake wamemzunguka. Mama wa mtoto alikuja shuleni. Mwalimu mkuu hakugomba. Alisema shule ikifunguliwa, darasa la mwalimu asiyesikia atapewa mwingine. Ilibidi alirudie neno hilo kwa sauti kubwa, na watoto wakalisikia.

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Bei ya kifaa kipya haikuzungumzwa kijiweni, kama vile isivyozungumzwa bei ya ndege. Uliobaki ni mstari wa buluu.

— Hebu tueleze vizuri, alisema Balozi, akisukuma kofia nyuma. Hii ya sasa umeitoa wapi?

— Kwa mtu, alisema Laini.

— Mtu gani?

— Wa mtandaoni. Anajiita Mzee wa Diski. Anakusanya matoleo ya zamani. Yaliyoachwa, yaliyokufa, yaliyokataliwa, anayo yote.

— Ni mzee kweli?

— Sijamwona, kaka.

— Anakaa wapi?

— Sijui.

— Anayakusanya ya nini?

— Sijui pia. Nimemwandikia nina shida, kuna sikio la shemeji yetu. Akajibu, "Chukua." Basi.

— Mtu asiyejulikana, alisema Kiraka, mahali pasipojulikana, anakupa kitu bure. Mchumba wa binamu yangu alianza hivyohivyo. Mpaka leo hatujui tumpe binamu pole au hongera.

— Tulia. Hii ni ya kweli. Nimeikagua.

— Hata ile diski ya sokoni uliikagua.

Diski ya sokoni lilikuwa jaribio la kwanza. Muuzaji aliapa kwa watoto wake kwamba ni ile ya ziwa, na juu yake kweli palichorwa ziwa, kwa kalamu. Laini alifuta kila kilichokuwamo ndani ya kompyuta ili kuipisha, akaitumbukiza, na kilichotokea kwenye kioo kilikuwa mkanda wa harusi ya watu wasiowajua. Waliutazama mpaka mwisho, kwa sababu Shangazi alisema bibi harusi hana furaha na alitaka kujua kwa nini.

— Kwa nini hamkuwapigia wenyewe? aliuliza Balozi. Kitu kina mwenyewe. Mngewapigia mkasema mnapiga kutoka ubalozini.

— Nilipiga, alisema Sponji.

Wote waligeuka. Sponji hakuwa amesema lolote zaidi ya kuuliza mstari umefika wapi.

— Ulipiga lini?

— Juzi. Waliniwekea muziki. Nilishona mto mzima nikiwa nausikiliza. Halafu akaja dada mmoja, mpole, ana sauti ya kubembeleza. Nikamweleza yote, mke wangu, sikio, kisanduku. Akasema, bwana, toleo hilo limefikia mwisho wa maisha yake.

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia poleni sana.

Kiraka alipaliwa na kahawa. Balozi alimpiga mgongoni huku naye anacheka.

— Na yeye?

— Alinyamaza kidogo. Nadhani hakuwahi kupewa pole. Kisha akaniuliza kama kuna jambo jingine angeweza kunisaidia.

— Ukasemaje?

— Nikasema hakuna.

Kicheko kilikatika chenyewe. Shangazi alimwongezea Sponji kahawa bila kuombwa, na akaendelea kumimina hata kikombe kilipojaa.

— Mimi, alisema, hayo maneno ya limekwisha, limekufa, halipo tena, siyaamini. Mume wangu naye alisema vilevile. Mimi basi, alisema, nimekwisha, usinitafute. Nikamlilia kama maiti. Kumbe yuko mtaa wa tatu, mzima, anafanya kazi vizuri kabisa kwa mtu mwingine.

— Kwa hiyo ile ya ziwa…

— Iko mahali, inawaka, inamfurahisha mtu. Waliokufa ni sisi tulioachwa nayo.

— Shangazi amekaribia ukweli, alisema Balozi. Nje huko, nilikokuwa…

— Ulikuwa nje ya geti, alisema Kiraka.

— Nilikokuwa nikisikia wakubwa wakizungumza kiti cha nyuma. Nyie mnadhani dereva hana masikio? Kuna ghala. Liko chini ya barafu. Kila kinachoachwa hakitupwi, huhifadhiwa humo. Mlango una funguo tatu, na funguo wanazo wazee watatu, na wazee hao hawapatani.

— Kwa nini hawapatani?

— Mmoja amemwoa dada wa mwenzake.

— Basi huo haufunguki tena, alisema Shangazi.

— Barafu ya nini? Kiraka alisimama. Nyie mnasafiri mbali wakati kitu kiko hapahapa. Ile mashine ya kutolea pesa pale benki, mnaijua? Siku ile umeme ulipokatika ukarudi, mimi nilikuwa kwenye foleni. Mashine ikawaka. Niliona nini?

— Salio lako, alisema Laini. Ndiyo sababu ulirudi umenyamaza.

— Niliona ziwa!

Hapo hata Laini aliacha kuutazama mstari.

— Ziwa lenyewe?

— Lenyewe, na mawimbi yake. Halafu ikaja picha ya benki ikalifunika.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo tunakwenda na flashi. Pale pa kuingiza kadi tunaingiza flashi. Mashine inatema ziwa, sisi haoo. Hela ya mtu hatujagusa.

— Na askari wa mlangoni?

— Tunamwambia ukweli. Mgonjwa haulizwi uji.

— Kiraka, hiyo flashi haitaingia hata ukiipaka mafuta. Halafu tutakwenda jela.

— Kwa kosa gani? Wizi wa ziwa? Hakimu ataanzia wapi?

Sponji aliwasikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache kijiweni, na sababu ilikuwa moja: maneno aliyapeleka nyumbani. Kila jioni alimsimulia mke wake ya kijiweni, nani kasema nini na nani kamjibu nini, na mke wake alicheka kabla hadithi haijafika mwisho, maana aliwajua wote ingawa hakuwahi kukanyaga pale. Tangu kifaa kirudi kitupu alijaribu kusimulia mara moja, habari ya mkanda wa harusi. Ilibidi apaze sauti. Hadithi inayosimuliwa kwa kelele haichekeshi.

"Tulikuwa tunatazama harusi!" alisema.

"Nani kaoa?" aliuliza mke wake.

"Hatumjui!"

"Sasa mlialikwa na nani?"

"Hatukualikwa! Ilikuwa ndani ya diski!"

Jirani wa ukuta mmoja alibisha hodi akiwa na mke wake. Walikuja kusuluhisha. Sponji aliwaeleza hakuna ugomvi. Jirani alisema ndivyo wanavyosema wote, akavuta kiti, akazungumzia subira katika ndoa mpaka chai ikaisha. Mke wa Sponji alimtazama jirani muda wote huo akitikisa kichwa kwa heshima. Walipotoka aliuliza walikuja kutaka nini. Sponji alipunga mkono, kwamba si kitu. Tangu jioni hiyo walikaa kila mtu na kazi yake, mke anapanga michoro ya watoto wa darasani, mume anachomoa nyuzi zilizoganda kwenye suruali.

— Nyote mnazunguka mbuyu, alisema Balozi. Hakuna anayejiuliza kwa nini wameliacha. Kitu kizuri, kinafanya kazi, watu wamekizoea. Unakiacha kwa nini?

— Wauze kipya, alisema Laini.

— Hayo ni ya juujuu. Sikilizeni. Lile ziwa lipo. Ni ziwa la kweli, lina jina lake. Lilipigwa picha miaka ile maji yamejaa. Sasa limekauka. Wenyewe walikwenda kuliangalia wakakuta vumbi, na mifupa ya samaki. Utamuuziaje mtu ziwa lisilo na maji? Ndipo wakahamia kwenye nyota. Nyota hazikauki.

Hakuna aliyecheka. Katika yote yaliyosemwa asubuhi hiyo, hilo lilikuwa la uongo kuliko mengine, na lilikuwa na uzuri wake.

— Na mvua ikinyesha? alisema Sponji.

Alishtuka kuisikia sauti yake. Hakuwa anatania. Kwa muda wa kumeza mate, alikuwa ameona mvua ikinyesha juu ya mahali asipopajua, maji yakipanda, na mke wake akigeuza kichwa kwa sababu mtoto amemwita.

— Ikinyesha, alisema Balozi kwa upole, wanaweza kulirudisha.

— Kunyesha kwake si kujaa, alisema Kiraka. Haba na haba…

— Kiraka, alisema Shangazi, leo hapana.

Magari yalipita. Mteja mmoja alikuja na tairi, Kiraka akamwonyesha kwa kidole aliweke pale, akaliweka, naye akabaki amesimama kutazama kioo bila kujua anatazama nini, kisha akaenda zake. Mstari wa buluu ulikuwa umekaribia ukingo na umegoma. Laini alivuta pumzi kwa kupitia meno. Alikuwa hajalala vizuri. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelitaja. Tangu siku Bwana Masikio alipofunga chumba, Laini hakupokea kikombe kutoka kwa Sponji, wala hakukaa naye benchi moja. Alikaa ndani ya kibanda chake akisema ana kazi.

— Mstari huu ukishindwa leo, alimwambia Sponji bila kumtazama, nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Nitamwambia ni mimi.

— Utamwambia nini? Kwamba nyota ndizo zilizomkojoza mtoto?

— Nitamwambia ni mimi.

— Mwalimu mkuu hataki mwenye kosa, Laini. Anataka mwenye kusikia.

Laini alifungua mdomo, na hapohapo mstari ukafika ukingoni.

Kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi. Feni ya kompyuta ilivuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Shangazi alikuwa ameshika birika hewani. Kisha, kutoka chini, polepole kama mtu anayevuta pazia, likaja jiwe, ukaja ufukwe, yakaja maji.

— Ziwa! alipiga kelele Kiraka.

— Ziwa, alisema Balozi, akavua kofia.

Kiraka alichukua spana akapiga rimu iliyokuwa imening'inia mlangoni pake mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka kuona nani kafa. Shangazi alimimina kahawa kwa kila aliyekuwa na kikombe, na kwa mpita njia mmoja ambaye hakuwa nacho. Laini aliinamia kaunta, kichwa juu ya mikono, mabega yakitikisika. Sponji alimwendea akamwekea mkono mgongoni.

— Mzee wa Diski, alisema Balozi. Popote alipo, azikwe kwa heshima.

— Hajafa, Balozi.

— Siku akifa.

— Mpigie Bwana Masikio! alisema Kiraka. Aje na kisanduku chake, sasa hivi, kabla haijabadilisha nia!

— Kwanza shemeji aione, alisema Laini, akifuta macho kwa kiganja. Nataka aione kwa macho yake kwamba imerudi.

Sponji alimwandikia mke wake ujumbe kwenye simu: Njoo kijiweni. Alifikiri, akaongeza: Habari njema.

Alikuja kwa miguu ya haraka, na mkoba wake wa shule, kifaa amekifunga kwenye leso. Ilikuwa mara yake ya kwanza pale. Wote walisimama.

— SHEMEJI KARIBU! aliita Kiraka, na njiwa wakaruka kutoka paa la karakana.

— KARIBU SANA MWALIMU! aliita Balozi, kofia kifuani.

— Asanteni, alisema, kwa sauti kubwa kuliko zao, kwa sababu sauti yake mwenyewe hakuisikia. Asanteni jamani. Usisimame, Shangazi. Wewe ndiye Shangazi, najua. Na huyu ni Kiraka, namjua kwa mikono. Balozi kwa kofia.

Sponji alimwachia nafasi yake kwenye benchi. Mke wake aliketi, akalibonyeza kwa kiganja.

— Kumbe ni laini hivi. Ndiyo maana unarudi umechelewa.

Walicheka wote, na yeye aliona wanacheka, akacheka nao. Laini aliigeuza kompyuta kwenye kaunta mpaka ikamwelekea. Akakaa pembeni yake kama fundi picha anayengoja mteja aone sura yake.

Mke wa Sponji alilitazama ziwa. Uso wake ulifunguka.

— Ndiyo yenyewe, alisema. Ndiyo hii hii. Hilo jiwe nalijua. Kila nilipokwenda kupimwa nilikuwa nalitazama hilo jiwe, nikisubiri mlio.

— Mmesikia? alisema Laini. Mmesikia lakini? Ndiyo yenyewe!

Mke wa Sponji alisogea mbele kidogo. Alinyoosha kidole, akakiweka kwenye kioo, pembeni, pale maji yanapokutana na ufukwe.

— Hapa palikuwa na sikio, alisema.

Laini hakuelewa. Alimtazama Sponji.

— Kisikio kidogo, chekundu. Bwana Masikio alikuwa anakibonyeza, ndipo inafunguka ile mistari yangu. Mistari ya sikio langu. Alisogeza kidole, akakirudisha palepale. Kile kisikio kiko wapi?

Laini alishika mausi. Mshale ulipita juu ya maji, ukaenda kwenye jiwe, ukarudi. Ziwa lilikuwa safi. Hakukuwa na kitu juu yake, wala chini yake, wala pembeni yake. Laini alibonyeza hapa, akabonyeza pale, kisha mkono wake ukasimama.

Sponji alielewa bila kuelezwa. Lile sikio halikuwa la ziwa. Lilikuwa la kisanduku, programu iliyokiendesha. Walilitengeneza watu wengine, ambao walifunga milango kabla hata ziwa halijaachwa. Lilikaa ndani ya kompyuta hii, na mistari ya mke wake ilikaa ndani ya sikio, mpaka siku Laini alipofuta kila kitu ili kuipisha harusi ya watu wasiowajua. Bwana Masikio alisema irudisheni ilivyokuwa. Wao walitafuta ziwa.

— Mzee wa Diski… alianza Kiraka. Akakoma. Alionekana akitafuta methali, na hakuipata.

Balozi alikuwa na simu mkononi, namba ya Bwana Masikio imekwisha kuandikwa. Aliitazama, akairudisha mfukoni pamoja na mkono.

Mke wa Sponji alimtazama Laini mdomoni. Alimtazama Balozi, akamtazama Kiraka, na Shangazi, na mwisho mume wake. Aliwapa muda. Kisha akakunja uso kidogo, kama afanyavyo darasani anapohisi mtoto wa nyuma amesema kitu.

— Mmenyamaza? aliuliza. Au mmeshanijibu, mimi ndiye sijasikia?